Kuegesha pikipiki mlimani: mwongozo kwa wanaoendesha Mbeya, Iringa na Nyanda za Juu Kusini

Tukuyu, mwezi wa nne, mvua imekatika kidogo. Nilikuwa nimefunga madumu mawili ya maziwa kwenye keria, lita 20 kila moja, nikasimama mbele ya duka ninunue vocha. Barabara ilikuwa inateremka kidogo tu, kiasi ambacho mtu wa miguu hawezi hata kukiona. Nikazima injini ikiwa frii, yaani bila gia, nikashusha stendi ndogo, nikaingia dukani. Kabla sijatoa hela mfukoni nikasikia kishindo. Pikipiki ilikuwa imesogea mbele nusu hatua, stendi imejikunja, imelala ubavu wa kushoto. Mkono wa klachi ulikatika na maziwa yote yakaenda mtaroni. Mama aliyenituma alikuwa ameyategemea siku ile kwa ada ya mtoto.

Tangu hapo kila nikiona pikipiki imelala chini naangalia ilikuwa imetazama wapi. Nyingi, pua ilikuwa upande wa chini. Hili jambo linafundishika kwa nusu saa, na sisi wa huku ndio tunalihitaji kuliko mtu wa Dar, kwa sababu kwetu eneo la tambarare ni la kutafuta. Anayepanda kutoka Ipogolo kuingia Iringa mjini, anayekaa mitaa ya juu ya Mbeya inayoelekea mlima Loleza, anayepita Kawetire kwenda Chunya, au anayebeba abiria Chimala kwenda Matamba kwenye ile barabara wenyewe wanaiita Hamsini na Saba kwa kona zake, anajua ninachosema.

Kwanza ielewe stendi

Chuchumaa upande wa kushoto uitazame stendi ndogo ikiwa imeshushwa. Mguu wake umeelekea mbele kidogo, na kuna kipande cha chuma kinachouzuia usiende mbele zaidi. Kurudi nyuma hauzuiwi na kitu isipokuwa springi, maana huko ndiko unakojikunjia. Pikipiki ikisogea mbele, ardhi inaushikilia mguu ubaki nyuma, na stendi inajikunja. Pikipiki ikivutwa nyuma, mguu unabanwa kwenye kile kizuizi na stendi inazidi kukaza.

Stendi kubwa ina tabia hiyohiyo. Unaipandisha kwa kuivuta pikipiki nyuma na juu. Unaishusha kwa kuisukuma mbele. Ukiisimamisha ikitazama chini, mlima unakuwa unaisukuma mbele muda wote ambao wewe hupo. Wapo wenzetu wanaoamini stendi kubwa ni salama popote. Kwenye sakafu iliyonyooka, sawa. Kwenye mteremko wenye pua chini inashuka yenyewe, na kwenye ardhi iliyolala upande mmoja miguu yake miwili iko karibu mno kuizuia isipinduke. Mimi mlimani naitumia pua ikiwa juu tu, na ardhi ikiwa ngumu.

Kuhusu nguvu inayovuta: pikipiki nyingi za bodaboda zina uzito wa kilo 120 hivi. Barabara ikipanda mita 1 kwa kila mita 10, inaivuta kwenda chini kwa nguvu ya kama kilo 12. Ikipanda mita 2 kwa kila 10, ni kama kilo 24, yaani ndoo ya lita 20 iliyojaa maji na zaidi, inavuta bila kuchoka. Ongeza gunia la viazi la kilo 100 na nguvu hiyo inakaribia kuwa maradufu.

Soma ardhi kabla hujafika

Uamuzi unafanywa ukiwa bado unaendesha. Jiulize mambo matatu: chini ni upande gani, tairi la nyuma litaegemea nini, na mguu wa stendi utakanyaga nini. Kama unashuka mlima na duka liko kushoto kwako, usisimame hapohapo kama nilivyofanya. Pita, geuza penye nafasi, urudi ukitokea chini. Ni nusu dakika.

Macho yanadanganya, hasa nyumba na uzio vikiwa vimejengwa kufuata mlima. Ukiwa umekaa juu ya pikipiki, weka frii, miguu yote chini, uachie breki taratibu. Ikienda, itakuonyesha yenyewe chini ni wapi. Kwa mahali utakapoegesha kila siku, kama kijiweni au nyumbani, laza chupa ya maji chini uone inaviringika kuelekea wapi.

Mahali pengine jibu ni kutosimama kabisa. Kwenye kona za mlima Kitonga, barabara kuu ya Dar kwenda Iringa, malori yanashuka na mizigo mizito, na dereva anayetokea konani hana muda wa kukukwepa. Ukiharibikiwa, isukume hadi pembezoni kabisa nje ya lami kabla hujafikiria stendi.

Hatua zenyewe

Mpangilio huu usiubadilishe, kwa sababu kila hatua inaitegemea iliyotangulia.

Njoo ukitokea chini, pua ikitazama juu. Simama kwa breki zote mbili, kisha ubaki umeshika ya mbele. Kama kuna ukingo wa zege, jiwe kubwa lililozama ardhini au shina la mti, rudi nyuma polepole mpaka tairi la nyuma liguse. Tairi la nyuma kuegemea kitu kigumu ni kinga kubwa kuliko zote nitakazotaja.

Ukiwa umebana klachi, ingiza gia namba moja, ndipo uzime injini. Injini iliyozimwa ikiwa kwenye gia inalishikilia tairi la nyuma, na gia namba moja ndiyo inashikilia zaidi. Frii haishikilii kitu.

Sasa inakuja hatua ambayo wengi hawaijui. Achia klachi yote, halafu achia breki ya mbele taratibu huku bado umekaa juu. Pikipiki itarudi nyuma sentimita chache mpaka gia ikaze, au mpaka tairi liegemee vizuri. Iache itulie. Ukishusha stendi kabla haijatulia, itatulia baadaye, wewe ukiwa umeshaipa mgongo, na mguu wa stendi utaburuzika kutoka pale ulipouweka.

Ikishatulia, shusha stendi ndogo mpaka mwisho. Usiridhike na mguso wa kiatu. Inama uione imefika kwenye kizuizi. Springi iliyolegea au bolti iliyolika inaiacha stendi njiani, na kwa pikipiki ya aina hiyo haya yote ni bure mpaka fundi aitengeneze.

Ilaze taratibu juu ya stendi, kisha kata usukani wote kushoto na uufunge kwa ufunguo kama kufuli lake linafanya kazi. Usukani ukiwa kulia, pikipiki inakosa utulivu na inaweza kupinduka. Ukiwa kushoto inakaa juu ya stendi kwa uzito wake.

Kabla hujashuka, itikise: mbele, nyuma, kulia. Ikikujibu kwa kusogea, anza upya. Ukiridhika, shuka upande wa kushoto mkono mmoja ukiwa bado kwenye breki, hesabu moja mpaka tano, ndipo uachie.

Mlima ukiwa mkali, gia peke yake haitoshi. Mgandamizo wa injini unavuja polepole, na pikipiki inaweza kuruka pigo moja ghafla ikasogea. Hapo tumia vitu viwili. Cha kwanza ni kabari nyuma ya tairi la nyuma. Kipande cha mbao kilichokatwa mshazari, urefu wa kiganja, kinakaa chini ya kiti mwaka mzima. Jiwe la mviringo halifai, linaviringika. Tafuta lenye ubapa. Cha pili ni mpira wa tyubu uliokatwa upana wa vidole viwili, uleule tunaofungia mizigo. Zungushia mkono wa breki ya mbele pamoja na usukani, ukaze mpaka tairi la mbele lisizunguke. Nimewaona vijana wa Matamba wakifanya hivyo kwa mkono mmoja huku wanaongea na abiria.

Kando ya barabara

Barabara ya mjini inayopanda ina ukingo upande mmoja au pande zote, na njia nzuri ni kuweka tairi la nyuma kwenye ukingo huku pua ikitazama juu na nje kidogo, mshazari. Mshazari unaifanya pikipiki isiwe sambamba na mvuto wa mlima, na ukingo unashika tairi.

Lakini upande una maana yake. Simama ukitazama juu ya mlima. Kama ukingo uko kulia kwako, pikipiki ikiwa mshazari ubavu wake wa kushoto, wenye stendi, unakuwa upande wa chini. Italala zaidi kwenye stendi, na kwa mteremko wa kawaida hilo halina shida. Kama ukingo uko kushoto, ubavu wa stendi unakuwa upande wa juu, stendi inakuwa kama imerefushwa, na pikipiki inasimama wima mno. Mtoto akiigusa, inaangukia kulia. Kwa hiyo upande huo punguza mshazari, pua iwe karibu kunyooka juu.

Barabara kuu ya Tanzam, ile ya kwenda Zambia, ina jambo lake: upepo wa malori. Ukiwa upande wako wa kushoto, lori linapita kuliani kwako na upepo wake unaisukuma pikipiki kwenye stendi, ambayo ni afadhali. Hata hivyo toka nje ya lami kadiri ardhi inavyoruhusu. Na Makambako, ambako upepo hauhitaji lori, iweke pikipiki upepo ukipiga ubavu wa kulia.

Ardhi iliyolala upande mmoja

Kuna mahali huwezi kutazama juu: kichochoro kimekatwa kwenye mlima, upande mmoja ukuta, upande mwingine bonde. Pikipiki inabidi ikae kukingama mteremko.

Jaribu kwanza kuiweka ubavu wa kushoto uwe upande wa chini. Ikilala sana, inua mguu wa stendi kwa kuukanyagisha kwenye jiwe bapa au kipande cha mbao. Sentimita 2 tu zinaleta tofauti kubwa. Kitu hicho kiwe kipana na kisichoteleza, si tofali lililosimamishwa.

Kama lazima ubavu wa kushoto uwe upande wa juu, fanya kinyume: uchimbie mguu wa stendi kashimo kadogo, au utafute mahali penye kibonde, ili pikipiki ipate kulala. Halafu uisogeze karibu na ukuta upande wa kulia, kama ukuta upo. Mteremko ukizidi hapo, acha. Hakuna ujanja wa stendi unaoshinda ardhi ya namna hiyo, na kutembea mita 50 kutoka mahali pazuri ni afadhali kuliko kununua tena saiti mira, mkono wa breki na indiketa.

Mzigo

Hapa ndipo bodaboda wa kwetu wanapoumia, kwa sababu tunabeba viazi, ndizi, mkaa, mbao. Pikipiki ikibeba mzigo, springi za nyuma zinabonyea na mwili wote unashuka. Stendi haishuki. Matokeo yake pikipiki iliyokuwa inalala vizuri ikiwa tupu sasa inasimama wima, tayari kupinduka kulia, na uzito wenyewe umekaa juu. Ukiwa na mzigo mkubwa, mguu wa stendi utafutie mahali pa chini kidogo kuliko tairi.

Unapopakia mizigo miwili ya ubavuni, anza na wa kushoto. Unaposhusha, anza na wa kulia. Muda wote uzito uliobaki uwe upande wa stendi. Ukianza kushusha wa kushoto, wa kulia unaivuta pikipiki mbali na stendi, na hapo hakuna kinachoizuia. Abiria naye ashuke wewe ukiwa umekaa juu na miguu chini, na ashukie kushoto. Usimwache mtu, hasa mtoto, amekaa juu ya pikipiki iliyo kwenye stendi mlimani huku wewe umeingia dukani. Stendi haikutengenezwa kubeba watu wanaocheza.

Tope na udongo mwekundu

Mvua za huku zinaanza Novemba na zinafika mpaka Mei, na Rungwe zinapitiliza. Udongo ulio mgumu saa kumi na mbili jioni unakuwa uji usiku wa manane. Mguu wa stendi, ambao ni mdogo kama vidole viwili, unazama polepole, na asubuhi unaikuta pikipiki imelala ingawa jioni uliitikisa ukaridhika.

Beba kipande cha bati nene au mfuniko wa kopo la rangi, uukunje kingo, uweke chini ya mguu. Ukitaka la kudumu, mpelekee fundi wa kuchomelea akuwekee bamba la chuma lenye upana wa kiganja chini ya mguu wa stendi. Mwambie atumie bamba jembamba. Bamba nene linairefusha stendi na kuirudisha pikipiki kwenye tatizo la kusimama wima. Kwenye mifuniko ya zege ya mitaro, kama ile ya Mwanjelwa pale Mbeya mjini, angalia mguu usikae kwenye nafasi kati ya mfuniko na mfuniko, wala kwenye mfuniko wenye ufa.

Kijiweni na nyumbani

Kijiwe kikiwa mlimani, pikipiki moja ikianguka inaangukia ya chini yake, na ya chini inaangukia nyingine. Zote zitazame upande mmoja, na kati ya usukani na usukani kuwe na nafasi ya mtu kupita bila kujibana. Ukikuta zimebanana, usijipenyeze katikati. Kaa mwisho wa mstari, upande wa juu kama gia na kabari yako unaviamini, upande wa chini kama huviamini.

Nyumbani, tengeneza mahali pa kudumu. Kwa jembe na sururu, saa mbili za kazi zinatosha kusawazisha ardhi ya urefu wa mita 2 na upana wa mita 1, kisha uzike tofali au gogo mahali tairi la nyuma linapofika. Elekeza bomba la moshi ukutani ili watoto wasiunguzwe, na lisiguse nyasi kavu. Kama pikipiki yako ina koki ya mafuta, ifunge kila usiku. Pikipiki iliyolala sana inaweza kumwaga petroli kwenye kabureta, na ndani ya chumba chenye jiko la mkaa hiyo ni hatari ya moto. Kwa sababu hiyohiyo sipendi pikipiki kulala chumba kimoja na watu.

Ikianguka

Zima ufunguo, funga koki, angalia kama petroli inamwagika na uwaondoe wenye sigara. Kama magurudumu yametazama juu ya mlima na kiti kiko chini, usijaribu kuiinua hivyo, utaumia mgongo. Ishike usukani na keria uiburuze izunguke mpaka magurudumu yatazame chini, ndipo uiinue. Ikiwa imelala ubavu wa kulia, shusha stendi kwanza. Ingiza gia ili isikimbie. Kisha igeuzie mgongo, chuchumaa, shika usukani kwa mkono mmoja na chuma cha keria kwa mwingine, usukume kwa miguu ukirudi nyuma hatua fupi. Kukiwa na mtu wa pili, mwite, hakuna aibu.

Kuondoka

Panda, shika breki ya mbele, fungua mpira kama uliufunga. Nyoosha pikipiki, kunja stendi kwa kiatu, uitazame kwa macho kwamba imekunjika. Pikipiki nyingi za hapa hazina swichi ya kuzima injini stendi ikiwa chini, na stendi iliyosahaulika inagota ardhini kwenye kona ya kwanza ya kushoto. Kumbuka gia iko namba moja: bana klachi kabla ya kuwasha. Asubuhi za baridi za Juni na Julai oili inakuwa nzito na klachi inakuwa imegandana kidogo, kwa hiyo pikipiki inaweza kujaribu kuondoka hata ukiwa umebana, breki isiachiwe.

Kama unakwenda chini ya mlima, usigeuzie hapohapo. Panda kwanza mpaka penye usawa, geuza, ndipo ushuke. Katikati ya kugeuza mguu wa upande wa chini haufiki ardhini, na ndipo watu wafupi kama mimi wanapoangushwa na pikipiki isiyotembea.

Kabla ya hayo yote, inama uokote jiwe lako. Jiwe lililobaki barabarani litakutana na tairi la mbele la mwenzako anayeshuka usiku bila taa nzuri. Lirushe ng'ambo ya mtaro, au lizike pembeni ya ukingo likusubiri kesho.